Rudolf Diesel: Jamaa aliye ndani ya kila pikapu, mpya kwa kuukuu

WAULIZE makanika wa Kirinyaga Road, Nairobi, pikapu gani ya dizeli ni bora, kisha ukae chini usikilize ubishi. Mmoja atakuapia kwamba Hilux kuukuu yenye injini ya 3L ndiyo mashine. Mwenzake atacheka na kusema zama hizo zilishapita, siku hizi ni turbo na kompyuta. Wote wawili wanabishania urithi wa mtu mmoja, ambaye jina lake linatajwa kila siku kwenye vituo vya mafuta.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, baba akiwa fundi wa bidhaa za ngozi. Nyumbani pesa zilikuwa za kubahatisha. Vita vya Wafaransa na Wajerumani vilipozuka mwaka wa 1870, familia ilikimbilia London. Muda si muda, kijana huyu wa miaka 12 akatumwa Augsburg, Ujerumani, kuishi na jamaa zao. Huko ndiko alikoamua kuwa mhandisi.

Chuoni Munich alikuwa moto wa kuotea mbali. Mtihani wa mwisho ulipofika, akaangushwa na homa ya matumbo. Hakukata tamaa. Aliufanya Januari 1880 na kupita kwa alama za juu sana.

Kitu kimoja alichofunzwa na profesa wake, Carl von Linde, kilimnyima usingizi. Mashine za mvuke za wakati huo zilipoteza karibu asilimia 90 ya joto la makaa. Isitoshe, ni viwanda vikubwa tu vilivyoweza kumudu mitambo hiyo. Fundi mdogo wa mtaani alibaki kutazama. Diesel alitaka injini isiyopoteza mafuta ovyo, na ambayo hata fundi huyo angeweza kuwa nayo.

Wazo lake ni hili. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, usukume kwa nguvu. Si itapata moto? Diesel aliwaza kuibana hewa hadi iwe moto kiasi kwamba mafuta yakipulizwa ndani yanawaka yenyewe, bila plagi. Alipata hataza mwaka wa 1893.

Kutoka kwenye karatasi hadi kwenye chuma kulikuwa na kazi. Agosti 1893, injini ya majaribio pale Augsburg ilipowaka mara ya kwanza, kifaa cha kupimia shinikizo kilipasuka, nusura kimjeruhi. Aliendelea kuijaribu kwa miaka mitatu na zaidi. Februari 17, 1897, wapimaji walithibitisha kwamba injini yake inageuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakukuwa na mashine ya mvuke iliyomkaribia.

Pesa zikaja kama mvua. Mmarekani Adolphus Busch alilipa sarafu milioni moja za Kijerumani kwa haki za kuiunda Marekani. Diesel akajenga jumba la kifahari Munich. Lakini injini za kwanza zilizouzwa zilikuwa zikiharibika, wateja wakilalamika. Kesi za hataza zikamchosha, afya ikadorora. Pesa alizoweka kwenye mafuta na mashamba zikayeyuka. Injini ilipoanza kuaminika, mwenyewe alikuwa amezama katika madeni.

Usiku wa Septemba 29, 1913, akisafiri kwa meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza, alikula chajio na wenzake, akaenda kulala. Asubuhi hakuonekana. Siku kadhaa baadaye mwili ulipatikana baharini, na mwanawe akatambua vitu vilivyokuwa mfukoni. Alikuwa na miaka 55. Wengi huamini alijitoa uhai kwa sababu ya madeni. Wengine hadi leo wanasema aliuawa.

Hakuwahi kuona lori la dizeli sokoni. Injini yake ilipuliza mafuta kwa hewa iliyobanwa, na mtambo wa kubana hewa hiyo ulikuwa mzito mno kwa gari. Malori ya dizeli yalikuja miaka ya 1920, baada ya pampu ndogo za mafuta kubuniwa.

Sasa turudi kwa ubishi wetu. Injini ya 3L ina lita 2.8, pampu ya kawaida, haina turbo wala kompyuta. Inatoa moshi, na nguvu zake ni farasi 90 hivi. Ila ikikwama Marsabit, fundi mwenye spana atakutoa. Hilux za tangu 2015 zina injini ya lita 2.8 pia, lakini nguvu zake ni karibu maradufu. Kompyuta inapima kila tone, na mafuta yanapulizwa kwa shinikizo kubwa ajabu. Tatizo? Mafuta machafu yakiingia, injekta zinakufa, na bei yake itakutoa jasho.

Ndoto ya Diesel imegawanyika. Ile ya kutopoteza mafuta iko kwenye pikapu mpya. Ile ya fundi mdogo kujimudu imebaki kwenye kuukuu. Kijana unayetafuta gari la kazi, usiulize tu ipi ina nguvu. Uliza pia nani ataitengeneza, wapi, na kwa pesa ngapi.