Anselme Payen, Mfaransa aliyetambua selulosi na kimeng'enya

Vihisi vya kibiolojia vinavyoundwa leo juu ya utando mwembamba wa selulosi vinakutanisha vitu viwili vilivyotambuliwa mjini Paris na mtu mmoja, katika kipindi cha miaka mitano tu.

Mtu huyo ni Anselme Payen, aliyezaliwa Paris tarehe 6 Januari 1795. Baba yake alimiliki viwanda vya kemikali, na ndiye aliyeanza kumfundisha sayansi. Baadaye alisoma kemia kwa Louis-Nicolas Vauquelin na Michel Eugène Chevreul, kisha, angali kijana, akakabidhiwa kiwanda cha boraksi, chumvi ambayo masonara huitumia wanapounganisha metali. Wakati ule boraksi ilitoka Asia na biashara yake ilikuwa mikononi mwa Waholanzi. Payen aliitengeneza kwa magadi na tindikali ya boriki, akaiuza kwa bei ya chini mno hata ukiritimba wao ukavunjika. Aligeukia pia sukari ya viazisukari, akaisafisha rangi kwa mkaa wa mifupa.

Mwaka 1833, akiwa na mwenzake Jean-François Persoz, alichukua kimea cha shayiri, akakiloweka na kukichuja, kisha akaongeza alkoholi katika maji yale. Chengachenga nyeupe zikatuama. Zilipokaushwa zilikuwa na uwezo wa ajabu: sehemu moja iliyeyusha sehemu 2,000 za wanga, ambao hatimaye uligeuka sukari. Zilipochemshwa, uwezo huo ulitoweka. Wapika pombe walikuwa wameitumia nguvu hiyo kwa karne nyingi bila kuijua. Wawili hao waliiita diastasi, na hicho ndicho kimeng'enya cha kwanza kupata kutengwa.

Miaka mitano baadaye Payen alikuwa akichunguza mbao. Alizitia katika tindikali ya naitriki, kisha akaziosha kwa dawa kali ya alkali, na kila mara alibaki na nyuzi zenye kaboni, hidrojeni na oksijeni kwa uwiano uleule wa wanga, ingawa hazikuwa wanga. Mimea mingine nayo ilimpa jibu hilohilo. Mwaka 1839 jina la selulosi likaanza kutumika.

Si wote waliokubali. Edmond Frémy, mwanakemia mwenziwe, alishikilia kwamba ziko selulosi za aina nyingi. Payen alijibu kwamba kitu ni kimoja, na tofauti zinaletwa na vitu vingine vinavyokiganda ndani ya mti. Mabishano yalikuwa marefu na makali, lakini haki ilikuwa upande wa Payen.

Watengenezaji wa vihisi wanautegemea ukweli huo. Selulosi hubadilishwa kwanza ili iweze kuyeyuka, humwagwa juu ya kioo au dhahabu inayozungushwa kwa kasi, kisha hurejeshwa katika asili yake kwa mvuke wa tindikali ya haidrokloriki. Hubaki utando wenye unene wa makumi ya nanomita. Sifa yake kubwa ni kwamba protini zisizotakiwa haziushiki kwa urahisi. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo kikwazo, kwani hata kingamwili inayohitajika nayo huteleza. Hapo lazima pawe na daraja. Wengine huweka kwanza selulosi yenye vikundi vya tindikali, ambayo hung'ang'ania utando na kuunganishwa kikemia na protini. Wengine hutumia avidini, protini ya ute wa yai, ambayo hukamata vitamini ya biotini kwa nguvu kubwa: moja hufungwa kwenye utando, nyingine kwenye molekuli inayotakiwa. Kingamwili ikishatulia, hunasa shabaha yake, na mabadiliko ya uzito au ya mwanga hupimwa.

Payen mwenyewe hakuwahi kuviunganisha vitu vyake viwili, wala zama zake hazikuwa na haja hiyo. Alikuwa profesa katika École Centrale kuanzia mwaka 1835, na mwaka 1842 akaingia katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Alifariki mjini humo Mei 1871, Paris ikiwa imetoka tu katika mzingiro wa majeshi ya Prussia na imo mikononi mwa waasi wa Komuni. Tuzo ya kila mwaka ya Jumuiya ya Kemia ya Marekani kwa watafiti wa selulosi inaitwa kwa jina lake.