Isidori Bakanja: Kijana Aliyekataa Kuivua Skapulari



Niko likizo nyumbani Mwankoko. Huku msimu wa alizeti ukishapita, vijana wengi wanaondoka. Wengine wanakwenda Singida mjini kuendesha bodaboda, wengine Dodoma kwenye ujenzi, wengine Dar, wengine machimboni. Wakiwa hapa kigangoni walikuwa wanaimba kwaya, wanasoma masomo, wengine viongozi wa VIWAWA kabisa. Baada ya mwaka mmoja wanarudi kusalimia, na ukiwauliza Jumapili wanasali wapi, wanacheka. Kazi nyingi, frateri. Muda hakuna.

Siandiki haya kuwasema. Nami nina langu nitalisema mbele. Nimeandika kwa sababu nimekumbuka maisha ya kijana mmoja wa Kongo ambaye naye aliondoka kwao kwenda kutafuta kazi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya saidia fundi. Anaitwa Mwenyeheri Isidori Bakanja.

Bakanja alizaliwa kati ya mwaka 1880 na 1890 katika kijiji cha Bokendela, kaskazini-magharibi mwa Kongo, katika kabila la Waboangi. Tarehe yenyewe haijulikani, kama wazee wetu wengi wanaosema tu walizaliwa mwaka wa njaa. Wakati huo Kongo yote ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Watu walilazimishwa kwenda msituni kutafuta mpira, na asiyefikisha kiasi alichopangiwa aliadhibiwa vibaya. Mwaka 1908 nchi ikawa koloni la Ubelgiji, lakini makampuni na mijeledi yao vilibaki palepale.

Katika mazingira hayo kijana huyu akatoka kijijini, akaenda mjini Mbandaka, ambako Wabelgiji walipaita Coquilhatville. Akapata kibarua cha kuwasaidia mafundi waashi. Huko ndiko alikokutana na Wakristo. Wamisionari Watrapisti walikuwa wameingia eneo hilo mwaka 1895, na tayari palikuwa na waamini Waafrika waliofundisha wenzao. Bakanja akavutwa. Mchana anabeba tofali, muda wa mafundisho ukifika anakwenda. Tarehe 6 Mei 1906 akabatizwa. Mwaka huohuo akapata Kipaimara, na mwaka 1907 akapokea Komunyo ya Kwanza.

Pamoja na ubatizo alipokea vitu viwili: rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Kwa wasioijua, skapulari ni vipande viwili vidogo vya kitambaa cha kahawia vilivyounganishwa kwa kamba, kimoja kinakaa kifuani, kingine mgongoni. Kwa Wakristo wa kule wakati ule ilikuwa ndiyo kitambulisho chao. Ukiiona shingoni kwa mtu, unajua huyu ni wa Kristo.

Sasa angalieni hapa, maana hapa ndipo anapofanana na sisi. Mkataba wa Mbandaka ulipokwisha alirudi kwao, akakuta hakuna Mkristo mwenzake. Baadaye akaenda upande wa Busira, akapata kazi ya utumishi wa nyumbani kwa mzungu mmoja wa kampuni. Mzungu huyo alipohamishiwa Ikili, Bakanja akaenda naye. Ikili hapakuwa na kanisa, wala padre, wala jumuiya ya Alhamisi jioni, wala mama wa kumwuliza kama amesali. Imani yake ilikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Jamani, wangapi kati yetu, wenye ubatizo wa tangu utotoni, tungedumu hapo hata miezi sita?

Yeye alidumu kwa njia rahisi sana. Alisali kila siku. Alishika rozari yake mahali ambapo wenzake wanamwona. Wafanyakazi wenzake wakaanza kuuliza, naye akawafundisha sala alizozijua. Hakuwa na cheo cha ukatekista. Alikuwa na kazi zake za nyumba, za kufua na kuandaa meza, na katikati ya kazi hizo akabaki Mkristo.

Msimamizi wa shamba la Ikili hakupenda. Mabwana wengi wa makampuni walichukia wamisionari, kwa sababu waliona mafundisho yao yanawafanya wafanyakazi wajue kwamba nao ni watu wenye haki. Bakanja akakatazwa kuwafundisha wenzake sala. Akaomba ruhusa arudi kwao, akanyimwa. Akaamriwa aivue skapulari. Hakuivua, akachapwa. Akaamriwa tena, na safari hii msimamizi mwenyewe akamrukia, akaikwanyua shingoni, akaamuru achapwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Alipigwa viboko zaidi ya 100. Mgongo wake ukabaki kidonda kimoja kikubwa.

Ilikuwa mwaka 1909. Habari ilipofika kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja, msimamizi akataka kumwondoa ili asionekane. Bakanja akajificha msituni, na mkaguzi alipofika akajitokeza akijikokota. Yule mkaguzi alishtuka mno kwa hali aliyomwona nayo. Akamchukua ili atibiwe, lakini vidonda vilikuwa vimeshaoza. Aliishi na maumivu hayo kwa miezi.

Mwezi Julai mapadre wawili Watrapisti wakamfikia. Aliungama, akapewa Mpako wa Wagonjwa na Ekaristi. Walipomsihi amsamehe aliyemtesa, walikuta ameshasamehe. Aliwaambia hana hasira naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, alifariki akiwa na rozari mkononi na skapulari shingoni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994 jijini Roma, wakati Sinodi ya kwanza ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ikiendelea.

Niseme sasa lile la kwangu. Wiki iliyopita nilikuwa nasubiri usafiri kijiweni kwa bodaboda. Rozari ilikuwa mkononi, nilikuwa nimeanza fumbo la pili. Wakaja vijana niliosoma nao, wanaongelea mikeka ya kubeti na mechi ya usiku. Bila kufikiri nikaisukuma rozari mfukoni, nikatoa simu, nikaanza kuperuzi kama wao. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenicheka. Frateri mzima, mwenye digrii ya falsafa, niliyeandika kurasa nyingi kuhusu uhuru wa mtu, nimeificha rozari yangu kwa kuogopa macho ya watu ambao wala hawakuwa wananiangalia.

Usiku nikamkumbuka Bakanja, nikaona aibu. Yeye ilibidi wamkwanyue shingoni. Sisi tunaivua wenyewe, kidogo kidogo, tena mikono yetu ikiwa haina pingu. Leo unaruka sala ya asubuhi kwa sababu simu imeita. Kesho unaruka Misa kwa sababu ya kibarua cha Jumapili. Keshokutwa unaona aibu kufanya ishara ya msalaba hotelini kabla ya kula. Siku ya kuamua kumwacha Mungu haipo. Unastuka tu umefika mbali.

Darasani tulisoma kwa Aristotle kwamba fadhila inajengwa kwa kutenda jambo lilelile mara nyingi mpaka liwe tabia. Naamini ndivyo ilivyokuwa kwa Bakanja. Siku ya viboko hakuanza kujiuliza yeye ni nani. Alishajibu swali hilo kila asubuhi alipopiga magoti kabla ya kwenda kuandaa chai ya bwana wake.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma haya ukiwa mbali na nyumbani, nakuomba mambo matatu tu. Kwanza, chagua sala moja ya kila siku, fupi unayoiweza, uifanye kabla hujawasha data. Pili, ukifika mji mpya, kabla ya wiki mbili kuisha ulizia kigango kilipo na jumuiya inasali wapi. Usisubiri mpaka utulie, maana mjini kutulia hakupo. Tatu, vaa au shika alama moja ya imani mahali inapoonekana. Skapulari, rozari ya mkononi, msalaba, chochote. Usivae kwa kujionyesha wala kama hirizi. Vaa ili siku unapotaka kuiondoa ujiulize kwa nini.

Na kama ulishaiondoa zamani, usikate tamaa. Kitubio kipo. Kigango cha kwenu bado kinakukumbuka.

Tusali: Ee Mungu, ulimpa Isidori nguvu ya kukushuhudia akiwa peke yake katikati ya kazi ngumu. Utupe sisi vijana moyo wa kukukumbuka katika kelele za kila siku, tusione aibu kuwa wako, na tuwasamehe wanaotuumiza. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenyeheri Isidori Bakanja, utuombee.