Immanuel Kant: Alifundisha jiografia ya dunia bila kusafiri

Wengi wanamfahamu Immanuel Kant kama mwanafalsafa. Wachache wanajua kwamba kwa miaka 40 alifundisha pia jiografia, ilhali hakuwahi kutoka nje ya Prussia Mashariki. Milima na majangwa aliyowaeleza wanafunzi wake aliyasoma kwenye vitabu vya wasafiri.

Alizaliwa Aprili 22, 1724 mjini Königsberg, mji wa bandari karibu na Bahari ya Baltiki. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Baada ya chuo kikuu alifundisha watoto wa familia zenye uwezo huko mashambani, kisha mwaka 1755 akaruhusiwa kufundisha chuoni, bila mshahara. Alilipwa na wanafunzi waliohudhuria, kwa hiyo ilibidi darasa livutie. Jiografia, aliyoianza 1756, ilivutia kweli. Inasimuliwa kwamba alilieleza daraja la Westminster la London kwa undani kiasi cha Mwingereza mmoja kudhani aliwahi kuishi huko.

Wakati huo wasomi walibishana: nafasi ni nini? Wafuasi wa Newton waliiona kama chombo kikubwa ambacho kingekuwepo hata vitu vyote vikiondolewa. Wafuasi wa Leibniz walisema hapana, nafasi ni uhusiano kati ya vitu tu. Mwaka 1768 Kant alileta mfano wa mikono. Itazame yako: vipimo ni sawa, vidole vimepangana vilevile, lakini glavu ya kulia haikai mkono wa kushoto. Basi uhusiano wa sehemu kwa sehemu hautoshi kueleza tofauti hiyo. Baadaye, hasa katika kitabu chake kikubwa cha 1781, alihitimisha kuwa nafasi ni namna akili yetu inavyopanga yale tunayoyaona.

Wanajiografia walichukua zaidi mgawanyo wake mwingine: historia hupanga mambo kwa wakati, jiografia huyapanga kwa nafasi. Mmarekani Richard Hartshorne aliutegemea mwaka 1939 kutetea jiografia kama elimu ya tofauti za maeneo. Mwaka 1953 Fred Schaefer akapinga, akisema njia hiyo inaifanya jiografia ieleze tu bila kutafuta kanuni.

David Harvey aligusa penye kidonda. Mihadhara ile, iliyochapishwa 1802, ina maneno ya dharau juu ya Waafrika na watu wengine, na inapanga binadamu kwa madaraja. Mtu huyohuyo alihubiri utu wa kila binadamu na uraia wa dunia. Harvey anauliza uraia huo una maana gani ukisimama juu ya ujuzi mbovu wa mahali na watu wake.

Wapo wanaomtetea kwamba zama zake ndivyo zilivyokuwa. Utetezi huo mimi haunitoshi. Herder, aliyekuwa mwanafunzi wake, alikataa kugawa binadamu kwa mbari. Georg Forster, aliyeizunguka dunia pamoja na Kapteni Cook, alimpinga kwa maandishi mwaka 1786, na huyu alikuwa ameziona nchi hizo kwa macho yake.

Kant aliacha kufundisha mwaka 1796 na kufariki Februari 12, 1804. Kaburi lake lipo kando ya kanisa kuu la mji wake, ambao tangu 1946 unaitwa Kaliningrad na uko Urusi.