Philip Henry Gosse, Mtu Aliyeitia Bahari Chumbani

Tangu tangi kuukuu la kioo lilipoletwa katika chumba chetu cha sayansi, wanafunzi wengi wameuliza ni nani aliyewaza kwanza kuitia bahari ndani ya nyumba. Hakuwa mtu mmoja. Bibi mmoja Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, alifuga viumbe vya baharini katika vioo huko Sicily tangu mwaka 1832. Lakini aliyewafundisha watu wa kawaida kazi hiyo ni Mwingereza, Philip Henry Gosse, na habari zake ndizo tunazozisimulia hapa.

Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1810 mjini Worcester, akakulia Poole, mji wa bandari. Baba yake alikuwa mchoraji aliyezunguka miji akichora sura za watu kwa ujira mdogo, wala nyumbani hapakuwa na fedha. Alipopata miaka 17 alipelekwa Newfoundland kuwa karani wa wafanya biashara. Baadaye alijaribu kulima huko Kanada, shamba likamshinda, na mwaka 1838 akawa mwalimu wa shule huko Alabama, ambako aliona watumwa wakiteswa akachukizwa sana. Sisi tunaokaa Bagamoyo hatuhitaji kuelezwa mambo hayo. Kutoka 1844 hata 1846 alikuwa Jamaica akichunguza ndege, naye alisaidiwa na kijana mweusi wa kisiwa kile, Samuel Campbell, ambaye jicho lake lilikuwa kali kuliko la bwana wake.

Basi mwaka 1852, akiwa amedhoofika kwa kazi nyingi ya kuandika, alikwenda na mkewe Emily na mtoto wao kupumzika katika pwani ya Devon. Hakupumzika hata kidogo. Kila maji yalipokupwa alishuka miambani na nyundo, tindo na vyupa. Alifahamu kwamba mwani hauna mizizi, na ukiubandua hufa. Kwa hiyo alikata pamoja nao kipande cha mwamba ulichokishika. Mwani ukipata mwanga hutoa oksijeni, wanyama wakaivuta, na maji yaleyale yakadumu miezi bila kuoza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, ya kwanza kwa watu wote, na baadhi ya viumbe vyake viliwekwa humo. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake, The Aquarium. Hata wakaao mbali na pwani hakuwasahau: aliwatengenezea maji ya bahari kwa chumvi nne tu, mojawapo ikiwa chumvi ya haluli.

Kitabu kilisomwa mno, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Watu walipanda magari ya moshi wakafurika pwani, kila mtu na nyundo yake, kama alivyowafundisha. Baada ya miaka michache madimbwi ya miambani yaliyokuwa yamejaa rangi yalibaki matupu. Mwanawe Edmund, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907, ameeleza jinsi baba yake alivyohuzunika kuona kazi ya mikono yake mwenyewe. Mke alikuwa amekwisha kufa mwaka 1857, na kitabu alichoandika mwaka huo juu ya umri wa dunia kilikataliwa na wataalamu na watu wa dini pia. Gosse alifariki tarehe 23 Agosti 1888, mwaka uleule ambao watu wa pwani yetu waliinuka pamoja na Abushiri.

Jambo moja hakulijua, kwa maana lilithibitishwa karibu na mwaka 1890, baada ya kufa kwake: si mwani peke yake usafishao maji, bali pia bakteria wasioonekana, wanaogeuza uchafu wa sumu wa samaki kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Ndiyo sababu tangi letu halina haraka. Utando mweupe wa chumvi tuliusugua kwa siki, bila sabuni, kisha tukasuuza mara nyingi. Tulihakikisha kwanza kwamba mwenyewe wa zamani hakutia dawa ya shaba, kwa kuwa shaba hubaki na kuwaua kamba na konokono. Maji matamu yalikaa humo siku saba tuone kama linavuja. Maji ya bahari tuliyateka upande wa Mbegani, wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa. Karibu na mdomo wa Ruvu ni tope, na chumvi yake ni pungufu.

Nyundo haikutumika. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, na hata huku kwetu mwalimu wa elimu ya viumbe amekataza kuvunja tumbawe lolote lililo hai. Tumeweka mchanga na mawe makavu, na kipande kidogo cha kamba aliyekufa, kinachooza polepole ili bakteria wapate chakula. Itachukua yapata wiki sita. Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza hupita, wakaziba pua, wakauliza samaki wako wapi.