HELEN KELLER: KIPOFU NA KIZIWI ALIYEIKATAA HURUMA ISIYO NA HESHIMA

Wazee wetu walisema kwamba hujafa hujaumbika, na askari anaijua maana ya methali hiyo kuliko watu wengi. Anayetoka kambini asubuhi akiwa na viungo vyake vyote hana hakika ya kurudi navyo jioni. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa leo tuwasimulie ndugu zetu wa jeshi na wa polisi maisha ya Helen Keller wa Marekani, mwanamke aliyekuwa kipofu na kiziwi tangu utotoni, ambaye alipata kuwa mwandishi, msemaji na mtetezi wa walemavu aliyejulikana katika kila bara. Wengi wamekwisha kusikia jinsi alivyofundishwa kusoma. Wachache wamesimuliwa mambo aliyonyimwa baada ya kusoma, na hayo ndiyo tutakayoyatazama zaidi, kwani yangali yakiwakuta wanawake walemavu hata leo.

Giza na kimya

Helen Keller alizaliwa tarehe 27 Juni, 1880, katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake, Arthur Keller, alikuwa amepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe upande wa majimbo ya kusini, na watu waliendelea kumwita Kapteni. Mtoto alizaliwa mzima. Alipokuwa na umri wa miezi 19 alishikwa na homa kali ambayo madaktari wa siku zile hawakuweza kuieleza vema. Homa iliposhuka, nyumba nzima ilishangilia kwamba amepona. Haikupita muda ikadhihirika kwamba haoni wala hasikii.

Kwa miaka mitano iliyofuata alikua bila lugha. Alibuni ishara zake mwenyewe zipatazo 60 za kuombea chakula na vitu alivyovitaka. Alikuwa akigusa midomo ya watu na kuhisi inachezacheza, naye akachezesha ya kwake, lakini hapakutokea jambo lolote. Hapo hupandwa na ghadhabu, akapiga mateke na kulia mpaka nguvu zikamwishia. Wasiojua walimwona mtukutu asiyefundishika. Elimu ya saikolojia hutufahamisha kwamba ghadhabu ya namna ile haina maajabu: ni hasira ya mtu mwenye akili timamu ambaye maana yake haipokelewi na yeyote.

Wazazi wake hawakukata tamaa. Walimpeleka kwa Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, ambaye pia alikuwa mwalimu wa viziwi, naye akawaelekeza kwenye shule ya vipofu ya Perkins mjini Boston. Shule hiyo ikamtuma msichana mwenye umri wa miaka 20, Anne Sullivan. Huyu naye alikuwa amekulia katika nyumba ya maskini, na ugonjwa wa trakoma ulikuwa umeyaharibu macho yake kiasi cha kukaribia upofu kabla ya kupasuliwa. Alifika Tuscumbia tarehe 3 Machi, 1887. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Aprili, alimpeleka mtoto penye bomba la maji, akamwagia mkono mmoja maji ya baridi, na katika kiganja cha mkono wa pili akamwandikia kwa vidole herufi za neno maji. Ghafla Helen akatambua kwamba kila kitu duniani kina jina. Kabla ya jua kuchwa alikuwa amejifunza maneno mengi, na la kumtambulisha mwalimu wake likiwa mojawapo.

Kushukiwa

Sifa zilianza mapema, na shaka nayo ikafuatana nazo. Alipokuwa na umri wa miaka 11 aliandika hadithi fupi, akampelekea mkuu wa shule ya Perkins kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Ikagunduliwa kuwa hadithi hiyo inafanana mno na nyingine iliyokwisha kuchapishwa, ambayo inaelekea aliwahi kusomewa mkononi akaisahau. Mwaka 1892 mtoto yule aliitwa mbele ya baraza la watu wazima, akahojiwa peke yake, mwalimu wake akiwa ametolewa nje. Hawakumtia hatiani, lakini jeraha lilibaki. Kwa miaka mingi, kila alipoandika, alishikwa na hofu kwamba huenda fikira zile si zake. Askari wanaohoji watoto na watu wasioweza kujieleza kwa urahisi wana la kujifunza hapa: mahojiano yanaweza kumwachia asiye na hatia kidonda kisichoonekana.

Hata hivyo alisonga mbele. Mwaka 1903 kilitoka kitabu chake cha kwanza, kilichosimulia maisha yake. Mwaka 1904 alihitimu kwa heshima katika chuo cha wanawake cha Radcliffe, akawa kipofu-kiziwi wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu. Anne Sullivan aliketi karibu naye darasani miaka yote, akimwandikia kiganjani maneno ya waalimu.

Sauti ya mtetezi

Baada ya kuhitimu, watu walitaraji aandike juu ya maua na subira. Yeye akachagua jambo ambalo wastaarabu wa zama zile waliona haya kulitaja. Watoto wengi walikuwa wakipofuka siku chache baada ya kuzaliwa kwa sababu ya kisonono, ugonjwa ambao aghalabu mume aliuleta kutoka nje, akamwambukiza mkewe, na mama akampitishia mtoto wakati wa kujifungua. Tangu miaka ya 1880 ilikwisha kujulikana kwamba matone ya dawa machoni mwa mtoto mchanga yangeweza kuzuia upofu huo. Dawa ilikuwepo, kilichokosekana ni ujasiri wa kusema. Kuanzia mwaka 1907 Helen aliandika wazi juu ya jambo hilo katika magazeti ya wanawake, naye akawa miongoni mwa waliovunja ukimya ule. Sisi wenye kuishi kambini na kuhamishwa huku na huko hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Mwaka 1909 alijiunga na chama cha Kisoshalisti. Alidai haki ya wanawake kupiga kura na haki za wafanyakazi viwandani, na mwaka 1916 alitoa mchango kwa chama kilichopigania haki za Wamarekani weusi, jambo lililowaudhi jamaa zake wa Alabama. Hapo ndipo ilipodhihirika jinsi sifa alizopewa zilivyokuwa na masharti. Mhariri mmoja wa New York ambaye zamani alimmiminia sifa kwa akili yake aliandika kwamba makosa yake ya siasa yanatokana na upungufu wa maumbile yake. Alipokubaliana na wakubwa alikuwa ajabu ya dunia. Alipowapinga alikuwa kipofu na kiziwi tu.

Haki aliyonyimwa

Mwaka 1916, Helen akiwa na umri wa miaka 36, mwalimu wake aliugua, na Peter Fagan, mwandishi wa habari, akaajiriwa kwa muda kuwa katibu wake. Fagan alijifunza kuandika kwa vidole kiganjani, wakapendana, wakaomba kibali cha ndoa mjini Boston. Habari ilipotoka magazetini, mama yake Helen alipinga kwa nguvu, akamfukuza Fagan na kumchukua binti yake kumrudisha kusini. Walipanga kutoroka, mpango ukashindikana. Helen hakuolewa maisha yake yote.

Tulifikirie jambo hili kwa makini. Mama yule alimpenda mwanawe, wala hakumtakia mabaya. Hata hivyo mwanamke mwenye shahada na vitabu, aliyesikilizwa na maelfu ya watu, hakuruhusiwa kuamua kama ataolewa. Jamii ilikuwa imekata shauri kwamba mwanamke mlemavu ni wa kutunzwa, wala si wa kuposwa. Huruma ya namna hiyo hufunga mlango sawasawa na chuki.

Wala Helen mwenyewe hakusalimika na fikira za zama zake. Mwaka 1915 alipata kuunga mkono, kwa maandishi, rai ya kuwaacha wafe watoto wachanga wenye maumbile mabovu mno, ikiwa jopo la madaktari litaamua hivyo. Hilo lilikuwa kosa zito, nasi hatulifichi. Linatuonyesha kwamba dharau kwa walemavu huweza kuingia hata moyoni mwa mlemavu mwenyewe.

Katika wodi za majeruhi

Tangu mwaka 1924 Helen aliutumikia mfuko wa vipofu wa Marekani hadi uzeeni. Anne Sullivan alifariki mwaka 1936, na Polly Thomson akachukua nafasi yake. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, kuanzia mwaka 1943, wawili hao walizunguka hospitali za kijeshi, wakipita kitanda hadi kitanda kuzungumza na askari waliopofuka, waliopoteza kusikia na waliokatwa viungo. Helen alikuwa na umri wa miaka 63. Aliitaja kazi hiyo kuwa kilele cha maisha yake. Madaktari walikuwa wamewafunga vidonda. Yeye alikwenda kama mtu aliyeishi gizani zaidi ya miaka 60 na ambaye bado alikuwa na kazi, marafiki na maoni yake.

Wanasaikolojia wa Marekani nao, miongoni mwao Tamara Dembo na Beatrice Wright, waliwahoji majeruhi wengi, wakachapisha matokeo mwaka 1956. Walieleza kwamba mtazamaji huuacha ulemavu wa kiungo kimoja ueneeke, katika mawazo yake, juu ya mtu mzima: akiona mguu umekatika hudhani na akili imepungua. Walieleza pia kwamba majeruhi huumizwa na msaada ambao hakuuomba. Helen Keller angeweza kulithibitisha hilo kwa maisha yake yote.

Mwaka 1944 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akawaombea hasa vipofu weusi na vipofu-viziwi, ambao mzigo wao ulikuwa mzito kuliko wa wengine. Mwaka 1951 alizuru Afrika Kusini, ambako ubaguzi uliwatenga hata watu wasioweza kuona rangi. Mwaka 1964 serikali yake ilimtunukia nishani ya juu kabisa ya raia. Alifariki tarehe 1 Juni, 1968, akiwa na umri wa miaka 87.

Wajibu wetu

Mwaka 2006, miaka 38 baada ya kifo chake, Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 6 kinawataja wanawake peke yao, na cha 23 kinatamka haki ya kuoa na kuolewa, ile ile aliyonyimwa Helen.

Mkataba ni karatasi mpaka mtu autekeleze, na mara nyingi mtu huyo ni askari. Mwanamke kiziwi anapofika kituoni kushtaki kwamba amepigwa au kunajisiwa, tusimwandikie maelezo aliyemleta huku yeye ameketi kimya. Huenda aliyemleta ndiye mkosaji. Tumtafute ajuaye lugha yake, na tumtazame yeye tunapouliza. Anapokuja kipofu, tumwambie sisi ni nani kabla ya kumshika mkono. Mwenzetu wa kike aliyejeruhiwa kazini akirudi kikosini, tumwulize ni kazi gani anaiweza, tusimkatie shauri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mhunzi ndiye ajuaye atakavyofua kwa koleo lililobaki.