Umar bin Abdul-Aziz alianza kubana matumizi nyumbani kwake

Kila hazina ya serikali inapotikisika, wananchi huambiwa wafunge mikanda. Lakini tukiangalia vizuri, mkanda unaofungwa kwanza huwa ni wa yule ambaye tumbo lake tayari li tupu: mgonjwa, mjane, yatima, mlemavu. Msafara wa mkubwa hauguswi. Ndiyo maana nimeona leo tumrejee Umar bin Abdul-Aziz (Allah amrehemu), mtawala aliyepunguza sana matumizi ya dola huku akiongeza huduma kwa wanyonge.

Kwanza tuelewe kuwa hakuwa mtu wa dhiki. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri kwa takriban miaka 20. Mama yake alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Alisomeshwa Madina, akamuoa Fatima, binti wa Khalifa Abdul-Malik, na alipokuwa gavana wa Madina kuanzia mwaka 87 Hijria watu walimjua kwa nguo za thamani na manukato yaliyotangulia kabla hajafika. Basi mtu wa namna hiyo ndiye Khalifa Sulayman aliyemuusia utawala katika barua iliyofungwa, huko Dabiq, Syria, mwaka 99 Hijria (717 Miladia).

Alichokirithi kilikuwa mzigo. Jeshi kubwa chini ya Maslama lilikuwa limeuzingira mji wa Constantinople, Istanbul ya leo. Majira ya baridi yalikuwa makali, na njaa ikawafikisha askari mahali pa kula wanyama wao. Vita hiyo ilikuwa fahari ya ukoo wa Bani Umayya, na kuiacha kulikuwa aibu kwa watu wa ikulu. Umar aliwapelekea askari chakula na wanyama, kisha akaamuru warudi makwao. Ilikatwa fahari, zikaokolewa roho za watu.

Siku ya kwanza tu aliletewa farasi wa msafara wa khalifa. Akawakataa, akapanda mnyama wake, na wale farasi wakauzwa, fedha zikaingia Baitul-Maal. Kisha akayarudisha mashamba aliyopewa yeye mwenyewe kutoka mali ya umma. Mkewe akatakiwa achague kati ya vito alivyopewa na baba yake na kubaki na mumewe. Fatima alichagua mumewe, vito vikaenda hazina. Baada ya hapo ndipo Umar alipowageukia ndugu zake wa Bani Umayya, akawakatia posho walizozoea na kuwanyang'anya mali walizojimilikisha bila haki. Walimtuma shangazi yake aende kumlainisha. Akarudi mikono mitupu.

Hata ofisini mkono wake ulifika. Kisa cha taa ya Baitul-Maal aliyoizima alipoanza mazungumzo binafsi kila mtoto wa madrasa anakijua. Kinachosimuliwa kidogo ni cha gavana wake wa Madina, Abu Bakr bin Hazm, aliyeomba aongezewe karatasi za kuandikia. Jibu lilikuwa achonge kalamu iwe nyembamba na abananishe mistari. Hata hivyo, mishahara ya watumishi hakuigusa. Imepokewa kuwa aliwalipa maofisa wake dinari 100 hadi 200 kwa mwezi, kwa hoja kwamba aliyetoshelezwa atatulia katika kazi ya Waislamu. Naona wengi wanaomsifu kwa ubahili wake huiruka sehemu hii.

Sasa fedha hizo zilikwenda wapi? Imepokewa kuwa aliandika mikoani kila kipofu apewe mtu wa kumwongoza, kila wagonjwa wa kudumu wawili wapewe mtumishi, na mayatima watano wawe na wa kuwahudumia. Wafungwa, watu ambao hakuna mwanasiasa anayewaombea, aliagiza wapewe chakula na nguo, za joto kwa baridi na nyepesi kwa kiangazi.

Jambo zito zaidi lilikuwa jizya. Magavana waliotangulia waliendelea kuwatoza hata watu waliosilimu, kwa kuogopa pengo la mapato. Umar aliipiga marufuku. Gavana wa Khurasan, al-Jarrah, akataka wanaosilimu wafanyiwe mtihani kwanza ili asipoteze kodi, Umar akamkatalia na baadaye akamuondoa. Kwa hesabu ya kihasibu ulikuwa uamuzi wa hatari, kukubali mapato yashuke wakati hazina imetoka vitani. Lakini yeye hakuona kuwa pengo la hazina linahalalisha kuchukua kisichokuwa haki.

Kutoka Iraq gavana wake aliandika kuwa watu wamelipwa stahiki zao na fedha bado zipo. Akaagizwa awalipie madeni waliokopa bila israfu. Zikabaki. Aozeshe vijana wasio na mahari. Zikabaki. Basi awakopeshe wakulima wasio Waislamu walioshindwa kulima ardhi zao. Wapo wanaotaka tuamini kuwa umasikini ulikwisha katika dola nzima. Miaka miwili na miezi mitano ni michache kwa hilo, na mimi sidhani tunahitaji kutia chumvi. Agizo lile la Iraq linatosha kuonesha nani alitangulizwa.

Alifariki Rajab mwaka 101 Hijria (720 Miladia), Dayr Sim'an huko Syria, akiwa hajafika miaka 40. Zipo riwaya kwamba alitiliwa sumu. Aliyemfuata, Yazid bin Abdul-Malik, alirudisha mengi ya zamani, na ndugu wa ukoo wakapumua. Inasimuliwa kuwa Yazid alimwambia dada yake Fatima achukue tena vito vyake, maana vilikuwa bado vipo katika hazina. Fatima alikataa.