Byang Kato

Byang Henry Kato (Kwoi, Nigeria, 23 Juni 1936 – Mombasa, Kenya, 19 Desemba 1975) alikuwa mwanateolojia na mwalimu wa Biblia kutoka Nigeria. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa katibu mkuu wa Umoja wa Wainjili wa Afrika na Madagaska (AEAM), wenye makao yake Nairobi. Anakumbukwa hasa kwa kutetea msimamo kwamba Biblia ndiyo kipimo cha teolojia yoyote inayotaka kuitwa ya Kikristo, hata ikiwa imeandikwa na Waafrika kwa ajili ya Waafrika.

Utoto

Kato alizaliwa katika jamii ya Wajaba, ambao wenyewe hujiita Waham, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Jimbo la Kaduna. Jirani na mji wa Kwoi kuna kijiji cha Nok, kinachojulikana duniani kwa sanamu zake za kale za udongo wa kuchoma.

Wazazi wake walifuata dini ya jadi. Alipokuwa bado mtoto mchanga, baba yake alimweka wakfu ili aje kuwa kuhani wa dini hiyo, na alipofikia umri wa miaka kumi hivi alipitishwa katika ibada za kuwafunda vijana. Kwa hiyo dini aliyokuja kuijadili vitabuni aliijua kwa ndani tangu utotoni.

Alimpokea Kristo akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, wakati akisoma katika shule ya misheni ya SIM. Baba yake hakupendezwa na uamuzi huo, lakini kijana aliendelea na masomo.

Elimu na kazi Nigeria

Mwaka 1955 alijiunga na chuo cha Biblia cha Igbaja, magharibi mwa Nigeria. Mwaka 1957 alimwoa Jummai, nao wakajaliwa watoto watatu. Baadaye alifundisha Biblia na kufanya kazi katika gazeti la Kikristo mjini Lagos. Wakati huohuo alijisomea kwa njia ya posta ili apate sifa za kuingia chuo kikuu.

Kuanzia 1963 alisoma London Bible College, Uingereza, akahitimu mwaka 1966 na shahada ya kwanza ya teolojia ya Chuo Kikuu cha London. Aliporudi nyumbani alifundisha Igbaja, kisha akachaguliwa kuwa katibu mkuu wa ECWA, muungano wa makanisa ya Kiinjili ya Afrika Magharibi yaliyotokana na SIM. Aliongoza ofisi hiyo katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria (1967-1970). Baada ya hapo alikwenda Marekani, akapata shahada ya uzamili na ya udaktari wa teolojia katika Dallas Theological Seminary.

Nairobi

Mwaka 1973 mkutano mkuu wa AEAM ulifanyika Limuru, Kenya. Kato alitoa hotuba kuhusu mielekeo ya teolojia barani Afrika, na mkutano ukamchagua kuwa katibu mkuu. Mwaka 1974 alitoa mada juu ya Injili, utamaduni na uchanganyaji wa dini katika kongamano la kimataifa la uinjilisti mjini Lausanne, Uswisi.

Katika miaka hiyo makanisa ya Afrika yalikuwa yakijadili uhuru wao. Mchungaji John Gatu wa Kenya alikuwa amependekeza, mwaka 1971, kwamba wamisionari na fedha kutoka ng'ambo visimamishwe kwa muda ili makanisa yajitegemee. Kato aliupinga wito huo. Kwake, kanisa ni moja duniani kote, na kazi ya kuhubiri haijaisha.

Mafundisho na mabishano

Kitabu chake kikuu, Theological Pitfalls in Africa, kilichapishwa Kisumu mwaka 1975. Kilitokana na tasnifu yake ya udaktari, na jina lake linaonya juu ya mitego ya kiteolojia barani Afrika. Ndani yake alichambua dini ya Wajaba, kisha akakosoa maandishi ya wataalamu wawili mashuhuri: John Mbiti wa Kenya na Bolaji Idowu wa Nigeria.

Mbiti na Idowu walifundisha kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla wamisionari hawajafika. Kato hakukana kwamba wazee walikuwa na fununu za Mungu. Akifuata Waraka kwa Warumi, alisema ujuzi huo unamfanya mtu awajibike mbele za Mungu, lakini hauwezi kumwokoa. Aliogopa kwamba kuusifu kupita kiasi kungeleta mafundisho kwamba watu wote wataokoka mwishowe, hata bila Kristo.

Hata hivyo, hakutaka Waafrika waige Wazungu. Kitabu chake kinaishia na mapendekezo kumi. Miongoni mwake ni kueleza imani kulingana na hali halisi ya Afrika, kuchunguza dini za jadi kwa makini, na kuwafundisha watumishi wa kanisa lugha za asili za Biblia ili waweze kuifafanua wenyewe. Kwa maoni yake, anayetegemea ufafanuzi wa wengine hajajitegemea bado.

Wapinzani wake waliona kwamba alizitenga mno Injili na historia ya Waafrika. Kwame Bediako wa Ghana, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alimkosoa kwa kutoipa nafasi ya kutosha imani ya mababu katika kuelewa utambulisho wa Mkristo Mwafrika. Wafuasi wake walijibu kwamba aliandika katika kipindi cha hatari, na kwamba hakupata muda wa kukamilisha mawazo yake.

Kifo na urithi

Kato alikufa maji akiwa mapumzikoni na familia yake katika pwani ya Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 39, na kitabu chake kilikuwa kimetoka mwaka huohuo.

Mpango wake wa kuwa na vyuo vya juu vya teolojia barani Afrika uliendelezwa na wenzake. Chuo cha Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kilifunguliwa mwaka 1977 kwa wanaotumia Kifaransa. Chuo cha Nairobi kwa wanaotumia Kiingereza kilifuata mwaka 1983, na leo ni sehemu ya Africa International University. Wanafunzi wa vyuo vingi vya teolojia Afrika bado humsoma Kato pamoja na Mbiti, na swali lililowatenganisha halijafungwa.